Baba amepasuliwa utumbo na anakaribia kuruhusiwa: nitajuaje mapema kama kuna kitu kimeharibika ndani?

"Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 64. Siku nne zilizopita alipasuliwa katika hospitali moja hapa Moshi baada ya utumbo mpana kujisokota. Walikata kipande kilichoharibika wakaunganisha, hakuwekewa mfuko wa choo. Tangu jana anakunywa uji, anajamba, ila hajapata choo, na kwikwi inamjia na kumwacha. Wamesema keshokutwa wataangalia kama aruhusiwe. Sisi tunakaa Rombo na usiku gari ni shida. Mwaka jana jirani yetu alifanyiwa operesheni kama hii, akarudi nyumbani, siku ya nane akafariki. Familia yake wanasema hakuwa na homa mpaka siku ya mwisho. Shangazi anataka baba akifika nyumbani apewe chumvi ya haluli ili tumbo lisafishike. Nina kipimajoto tu. Nitajuaje mapema kama ndani kumeharibika? Nisisahau, baba anatumia atenolol ya presha."

Marahaba, na poleni kwa kuuguza.

Nianze na hali ya leo. Mzee aliyepasuliwa utumbo kwa dharura, siku ya nne anajamba, anakunywa uji na uji unakaa, hajachelewa kupata choo. Baada ya upasuaji utumbo wote hulala, na hauamki kwa pamoja. Utumbo mwembamba huanza kusukuma ndani ya saa 24 hivi, mfuko wa chakula ndani ya siku moja au mbili, na utumbo mpana ndio wa mwisho, siku ya tatu hadi ya tano. Kujamba ni habari njema kwa sababu kunaonyesha njia imefunguka mpaka mwisho. Choo kitafuata. Isitoshe, amekaa siku kadhaa bila kula, hata cha kutoa bado ni kidogo.

Kwa hiyo hofu yako ya kweli si choo. Unachouliza ni hiki: pale walipounganisha pakivuja tukiwa Rombo, nitajua kwa kuangalia nini? Usingoje homa. Angalia kama baba wa leo yuko mbele ya baba wa jana. Kuanzia siku ya tatu, mgonjwa wa utumbo anatakiwa asonge mbele kila siku, hata kama ni kidogo kidogo. Akirudi nyuma, yaani alikuwa anakula sasa anasukuma sahani, alikuwa anatembea sasa hataki kunyanyuka, alikuwa anaongea sasa amenyamaza, chukulia kwamba maungio yanavuja mpaka daktari amuone na kuthibitisha kwamba sivyo.

Wengi hudhani hatari ni siku ya operesheni na kesho yake, na kwamba mgonjwa akishaanza kutembea wodini mambo yamekwisha. Kwa utumbo ulioungwa si hivyo. Siku tatu nne za mwanzo, ncha mbili za utumbo zimeshikiliwa na nyuzi tu. Mwili unapoanza kuponya huondoa kwanza nyama iliyojeruhiwa kando ya mshono, pamoja na kolajeni, ile protini inayoupa utumbo uimara. Kolajeni mpya huanza kushika kati ya siku ya tatu na ya tano, na ni mpaka wiki ya kwanza ielekee ukingoni ndipo maungio yanapata nguvu yake yenyewe. Hapo katikati kuna siku kadhaa ambapo nyama ya zamani iliyobeba uzi imelegea na mpya haijakomaa. Kama damu haifiki vizuri kwenye zile ncha, au utumbo unavutwa, au umejaa na kutanuka, ndipo panapoachia. Ndiyo maana uvujaji mwingi hujitokeza kati ya siku ya tano na ya nane, wakati mgonjwa ameshatolewa dripu na ndugu wanatafuta gari la kurudi nyumbani. Wachache huchelewa hadi wiki ya pili. Siwezi kusema kutoka hapa ni nini kilimuua jirani yenu, lakini siku ya nane imo katika kipindi hicho.

Kuunganisha papo hapo bila kuweka mfuko wa choo ni uamuzi unaokubalika. Daktari aliyeamua aliuona utumbo kwa macho yake na akaridhika kwamba damu inafika. Ila hatari ya kuvuja huwa kubwa zaidi kwa aliyepasuliwa kwa dharura kuliko kwa aliyepangiwa tarehe, na huongezeka kama kipande kilichokatwa kilikuwa kimeshaoza, kama mgonjwa ana kisukari, anavuta sigara, amekonda sana au amepungukiwa damu. Kesho muulize daktari wa raundi moja kwa moja: "Utumbo mliokata ulikuwa umeoza au ulikuwa hai?" Jibu litakuambia uwe mwangalifu kiasi gani.

Sasa kuhusu homa. Homa huja, lakini mara nyingi huja imechelewa, na kwa wengine haiji kabisa. Mwili wa mzee hauwashi joto haraka kama wa kijana. Mwenye kisukari, anayetumia dawa jamii ya steroidi, au aliyedhoofika kwa njaa anaweza kuwa na usaha tumboni akapima nyuzi 36.8. Kisha kuna parasetamo. Mgonjwa anayemeza gramu moja kila baada ya saa 6 anaweza kushinda siku nzima bila homa huku tumbo linachafuka. Familia ya jirani yenu hawakuwa wazembe. Walikuwa wanaangalia dalili ambayo karibu kila mtu huiangalia.

Kinachotangulia homa ni mapigo ya moyo na pumzi. Choo au maji ya utumbo yakimwagika tumboni, hata kwa tundu dogo, bakteria huamsha mwili mzima. Mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvuja maji, damu inayozunguka hupungua, na moyo hulazimika kwenda mbio ili presha isianguke. Hilo huweza kuanza saa nyingi, pengine siku nzima, kabla ya tumbo kukakamaa au joto kupanda. Presha yenyewe huanguka mwishoni, moyo ukishindwa kufidia. Ukiambiwa "presha yake nzuri," usiache kuuliza mapigo ni mangapi.

Hapa ndipo sentensi yako ya mwisho inapokuwa nzito kuliko zote. Atenolol hufunga breki kwenye moyo. Sawa na propranolol na bisoprolol. Mgonjwa mwingine akivuja, mapigo yatafika 120. Ya baba yako yanaweza kuishia 90, na mtu asiyejua atasema ni kawaida. Usimwachishe dawa kwa uamuzi wako, kwani kuikata ghafla kuna hatari zake. Unachohitaji ni kujua mapigo yake ya kawaida ni mangapi akiwa ametulia na dawa imo mwilini, halafu kufuata mabadiliko. Kama kawaida yake ni 64, basi 88 yenye kudumu ni habari mbaya.

Nunua daftari la kurasa chache na uanze kuandika kesho, akiwa bado wodini, ili mazoea ya kupima uyapate mbele ya wauguzi. Pima saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, na wakati wowote anapoonekana hayuko sawa. Awe amelala au ameketi kwa utulivu dakika 10 hadi 15, asiwe ametoka chooni au kupanda ngazi. Weka ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati, upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya dole gumba. Usitumie dole gumba lako kupima, lina mpigo wake, utajihesabu mwenyewe. Hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Watu huhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, ukikosea mpigo mmoja umekosea minne. Ukimaliza, usiuachie mkono: endelea kuushika kama bado unahesabu mapigo, lakini macho yako yahamie kifuani, uhesabu pumzi kwa dakika nyingine nzima. Akijua unahesabu pumzi, atabadilisha anavyopumua bila kukusudia.

Joto lipime kabla tu ya dozi inayofuata ya parasetamo, si saa moja baada ya kumeza. Mkojo upime kwa siku mbili tatu za kwanza nyumbani: akojoe kwenye chombo, mimina kwenye chupa ya maji ya nusu lita. Mtu wa kilo 60 anatakiwa kutoa angalau mililita 30 kwa saa, ambayo kwa siku nzima ni kama mililita 700, chupa moja na nusu hivi. Pungufu ya hapo, au mkojo wa rangi ya chai ya rangi wakati anakunywa vizuri, ni dalili kwamba maji ya mwili yanapotelea mahali. Mwisho andika mambo manne kwa maneno: amekula nini na kiasi gani, amejamba au la, ametembea wapi, tumbo likoje.

Namba za kukusimamisha ni hizi. Kwa mtu asiyetumia dawa kama atenolol, mapigo zaidi ya 100 akiwa ametulia, ukapima tena baada ya nusu saa yakawa yale yale, ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Yakifika 120, ondokeni saa hiyo hiyo. Kwa baba yako, badala ya 100 tumia kawaida yake ukiongeza 20. Pumzi zaidi ya 20 kwa dakika mpigie daktari, 24 na kuendelea ondokeni. Joto 38 na zaidi, au chini ya 36 na anatetemeka, ondokeni. Na kuna dalili moja isiyo na namba: mzee aliyekuwa na akili zake akianza kuchanganyikiwa, kuongea ovyo, au kusinzia mchana kutwa, ondokeni hata kama namba zote ni nzuri.

Tumbo nalo linahitaji mkono. Mlaze chali, akunje magoti ili misuli ilegee. Weka kiganja chote, mkono ukiwa umepata joto, anza mbali na kidonda, bonyeza taratibu. Tumbo lililotulia hubonyea kama shavu. Tumbo lenye uchafu ndani hugoma kama paji la uso. Maumivu ya mshono huwa palepale kwenye mshono, na kila siku hupungua. Maumivu ya kuogopa ni yale yaliyokuwa yamepungua yakarudi, yanayoenea mbali na kidonda, au yanayompanda begani bila bega kuumia. Mwambie akohoe mara moja huku ameshika mto juu ya kidonda. Kama kikohozi kinauma kwenye mshono, sawa. Kama kinamkata tumbo lote na anakataa kurudia, au kwenye gari kila tuta la barabarani linamfanya apige kelele, utando wa ndani wa tumbo umewaka.

Kwikwi sasa. Inayokuja baada ya uji na kuondoka ni mfuko wa chakula uliotanuka kidogo ukigusa kiwambo cha kupumulia. Mpe kidogo kidogo, akae wima, mwache atembee. Kwikwi inayodumu saa nyingi, huku tumbo limejaa, kichefuchefu kimeanza na hataki kula, ni jambo lingine. Maana yake mfuko wa chakula umefurika na hauteremshi. Hapo anahitaji mpira wa puani wa kuutoa mzigo huo, kwa sababu akitapika amelala anaweza kuvuta matapishi mapafuni, na hilo huua haraka kuliko uvujaji wenyewe. Kama kesho kwikwi bado ipo, iseme wakati wa raundi. Watu huiacha kwa kuona ni jambo dogo. Waombe pia wapime potasiamu, moja ya chumvi za damu, kwa kuwa ikishuka utumbo hukataa kuamka, na hurekebishwa kwa urahisi.

Usidanganyike na kuharisha pia. Choo chepesi mara kadhaa katika wiki ya kwanza au mbili ni kawaida baada ya kukatwa utumbo mpana. Lakini kujisikia haja kila dakika, anatoka ute kidogo tu, pamoja na homa inayopanda jioni na kushuka asubuhi, kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 14, mara nyingi ni jipu lililokaa chini kwenye nyonga likiwasha sehemu ya mwisho ya utumbo. Akipewa dawa ya kuzuia kuharisha, jipu litaachwa likue.

Shangazi anataka mema, na ni vizuri umweleze sababu kwa heshima badala ya kumkatalia tu. Chumvi ya haluli huvuta maji mengi ndani ya utumbo na kuufanya usukume kwa nguvu. Utumbo hutanuka, na shinikizo lote hutua mahali penye udhaifu, yaani kwenye maungio ambayo bado yanategemea uzi. Kama utumbo umelala, maji hayo hayana pa kwenda. Vivyo hivyo kumwingizia maji ya sabuni kwa njia ya haja kubwa: kwa mtu aliyeunganishwa utumbo mpana wa chini, ile ncha ya bomba na shinikizo la maji vinaweza kupasua maungio moja kwa moja. Hakuna dawa ya kumfanya aharishe, ya duka la dawa wala ya majani, mpaka daktari aliyempasua aseme. Dawa nyingine ya kuepuka ni diklofenaki na ndugu zake, yaani dawa za maumivu za jamii yake kama ibuprofeni. Tafiti kadhaa zimezihusisha na kuvuja kwa maungio, na kwa mzee mwenye presha zinaweza kuumiza figo. Parasetamo ibaki kuwa ya msingi. Akiwa amepewa tramadoli, itumike kwa uchache iwezekanavyo, maana nayo hulaza utumbo.

Kama shangazi anataka kusaidia, apike mtori mwepesi, ndizi zisagike kabisa, kwa supu ya kuku au ya nyama iliyochujwa mafuta. Bakuli dogo mara tano au sita kwa siku ni bora kuliko sahani kubwa mbili. Mayai, samaki na uji wenye maziwa vinampa protini ya kujengea kovu. Kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage) na maharage mazima vingoje wiki tatu au nne, vina gesi nyingi. Mbege na pombe nyingine zote hapana. Kahawa ruksa: majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa waliokatwa utumbo mpana yameonyesha kwamba waliokunywa kahawa walipata choo mapema kuliko waliokunywa maji, kwa hiyo kikombe kimoja kimoja mara mbili tatu kwa siku, kisiwe kikali, kinaweza kumfaa kama presha yake imetulia na haimkoseshi usingizi. Kutembea kunasaidia zaidi ya vyote: dakika chache kila saa anapokuwa macho.

Kidonda cha nje huwa na usumbufu wa mara kwa mara zaidi, ila si wa kuua kama kitashughulikiwa. Kwa upasuaji wa utumbo uliojaa choo, maambukizi ya mshono ni ya kutegemewa, mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 10. Sehemu moja ya mshono inakuwa nyekundu, ya moto, imevimba, kisha usaha unatoka. Tiba yake kubwa ni kufungua nyuzi chache pale penye usaha, kutoa uchafu, na kusafisha kila siku kwa maji ya chumvi ya hospitali mpaka kijazie kutoka chini. Vidonge vya antibayotiki bila kufungua havitoshi. Tafadhali msipasue kapsuli za rangi mbili na kunyunyizia unga wake kwenye kidonda: unaganda, unafunga usaha ndani, na daktari hawezi tena kuona hali ilivyo. Na kama kinachotoka kwenye kidonda kina rangi au harufu ya choo, hilo si jambo la kidonda tena, ni utumbo.

Kuna kimiminika kimoja nataka ukitambue kwa macho. Siku ya 5 hadi ya 12 hivi, bandeji iliyokuwa kavu inaloa ghafla kwa maji mepesi ya waridi, kama glasi nzima, pengine baada ya kukohoa au kujikaza chooni. Mgonjwa mwenyewe anaweza asisikie maumivu. Hiyo mara nyingi ni dalili kwamba misuli iliyoshonwa ndani imeachia, na ngozi peke yake ndiyo inayozuia utumbo usitoke. Mlaze chali magoti yakiwa yamekunjwa, asikae, asitembee, asile wala kunywa. Utumbo ukitokeza usiurudishe ndani. Ufunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya chumvi ya hospitali, au maji yaliyochemshwa yakapoa kama hayo hayapo, ongeza nailoni safi juu ili usikauke, na mwende hospitali hivyo hivyo mgonjwa akiwa amelala. Kuzuia hilo, asinyanyue kitu cha zaidi ya kilo 5 kwa wiki sita. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Mkungu wa ndizi pia hapana, hata akisema anajisikia nguvu.

Kifua na miguu nivipitie haraka. Nimonia hujitokeza sana siku za kwanza kwa anayeogopa kupumua kwa kina kwa sababu ya maumivu. Kila saa avute pumzi ndefu kumi na akohoe akiwa amekumbatia mto. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, ni damu iliyoganda kwenye mshipa. Kipande kikikatika kwenda mapafuni, atabanwa pumzi ghafla na kifua kumchoma. Hatari hiyo inaendelea kama wiki nne baada ya operesheni. Akikwama kukojoa baada ya kutolewa mpira wa mkojo, jambo la kawaida kwa wazee wa kiume wenye tezi dume, arudi arudishiwe mpira, asisubiri asubuhi.

Kwa msomaji ambaye mgonjwa wake amewekewa mfuko wa choo: utumbo uliotokezwa nje unapaswa kuwa mwekundu au waridi na wenye unyevu. Ukiwa wa zambarau iliyokolea au mweusi, damu haifiki, rudini leo. Kama ni utumbo mwembamba ndio uliotokezwa na mfuko unajaa zaidi ya lita moja na nusu kwa siku, mgonjwa anakauka hata kama anakunywa maji, kwa sababu anapoteza chumvi pia. Apewe ORS na apelekwe akapimwe figo na chumvi za damu.

Ukiona baba anarudi nyuma, mfanye hivi. Acha chakula na kinywaji, maana huenda akarudishwa chumba cha upasuaji. Bodaboda hapana. Akae nusu ameegemea kwenye kiti cha nyuma cha gari, magoti yamekunjwa, na chombo cha kutapikia karibu. Kama yuko macho, anaongea na mikono ina joto, nendeni moja kwa moja alikopasuliwa, wana maelezo yake yote. Kama amelegea, jasho baridi linamtoka au hakojoi, pitieni kwanza hospitali iliyo karibu awekewe dripu, aanzishiwe antibayotiki za mshipa na mpira wa puani, ndipo apewe rufaa kwenda Moshi. Dawa hizo zikichelewa kila saa ina gharama yake. Mlangoni usiseme "tumbo linamsumbua," maana matumbo yanayosumbua ni mengi. Sema: "Leo ni siku ya 7 tangu aunganishwe utumbo mpana, mapigo yalikuwa 66 sasa ni 92 na anatumia atenolol, tumbo limejaa, hajajamba tangu jana." Sentensi hiyo humnyanyua daktari kwenye kiti.

Watampima damu. Kuna kipimo kiitwacho CRP kinachoonyesha ukali wa uvimbe mwilini: baada ya operesheni yoyote hupanda hadi siku ya pili au ya tatu, kisha kinapaswa kushuka. Kikizidi miligramu 150 kwa lita baada ya siku ya tatu, au kikishuka halafu kikapanda, lazima chanzo kitafutwe. Kikiwa chini na kinaendelea kushuka, kinafariji sana. Eksirei ya tumbo ina mtego wake, kwa kuwa hewa iliyoingia wakati wa upasuaji inaweza kuonekana siku kadhaa bila kuwa na uvujaji. Kipimo cha CT, yaani picha za ndani za kompyuta, chenye dawa ya kung'arisha picha ndicho kinachoonyesha vizuri zaidi, lakini nacho hukosa baadhi ya matundu madogo. Mgonjwa anayezidi kudhoofu asirudishwe nyumbani kwa sababu tu picha ni safi.

Uvujaji mdogo uliojifungia unaweza kutibiwa kwa antibayotiki na mpira wa kutoa usaha kupitia kwenye ngozi. Ule uliosambaa unahitaji kufunguliwa tena, kuoshwa, na mara nyingi kuwekewa mfuko wa choo. Hapa familia nyingi husita: "Amepasuliwa juzi, atapasuliwaje tena?" Naelewa uzito wake, pamoja na wa gharama. Lakini choo kilichosambaa tumboni hakitibiki kwa dripu, na upasuaji wa pili unaofanywa mapema, akiwa bado ana nguvu, una matumaini makubwa kuliko ule wa baada ya siku mbili za kujadiliana. Mfuko huo kwa wengi ni wa muda, huondolewa baada ya miezi mitatu au zaidi. Kuna wanaobaki nao, nisikufiche, hasa wazee wenye maradhi mengine, na wanaendelea na maisha yao. Jadilianeni sasa, baba mwenyewe akiwepo, kabla ya dharura.

Kuhusu kurudi Rombo, ushauri wangu ni msirudi keshokutwa kama mna mahali pengine pa kufikia. Hiyo itakuwa siku ya sita, katikati ya kipindi kile kile. Kama kuna ndugu Moshi mjini, baba alale kwake mpaka siku ya kumi. Kama hakuna, omba wodi wamuongezee siku mbili, ukieleza umbali na tatizo la gari usiku. Ni ombi la kawaida. Mkilazimika kuondoka, aondoke akiwa anakula bila kutapika, amejamba au kupata choo, tumbo laini, mapigo yametulia kwa saa 24 bila kupanda, na uwe na dereva aliyekubali kuitwa saa yoyote.

Usiondoke bila karatasi ya kuruhusiwa iliyoandikwa tarehe ya upasuaji, utumbo uliokatwa ni upi, umeungwa wapi, na dawa zake zote. Andika namba ya simu ya wodi kwenye jalada la daftari. Na kesho asubuhi, akiwa ametulia, mhesabie mapigo ukiwa na muuguzi pembeni ahesabu mkono wa pili. Mkipata namba moja, iandike mstari wa kwanza.